Jina la York: mti, nguruwe na farasi katika neno moja

Askofu Mkuu wa York, kiongozi wa pili kwa cheo katika Kanisa la Uingereza, anapotia saini waraka rasmi huandika jina lake la kwanza na kulifuatisha na neno fupi la herufi nne: Ebor. Mgeni anayeliona neno hilo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni jina la ukoo. Kumbe ni ufupisho wa jina la Kilatini la mji wenyewe, Eboracum, lililotumika tangu jeshi la Kirumi lilipojenga ngome mahali hapo mnamo mwaka 71 baada ya Kristo.

Ukiyaweka majina hayo mawili sambamba, Eboracum na York, ni vigumu kuamini kuwa yana uhusiano wowote. Sauti zilizosalia kwa pamoja ni mbili au tatu tu. Hata hivyo wanaisimu hawana shaka kwamba ni neno lile lile, lililopita vinywani mwa watu wa lugha nne tofauti katika muda wa zaidi ya miaka elfu moja. Hakuna mtawala aliyekaa akatoa amri ya kulifuta jina la zamani. Kila kundi lililofika lililikuta jina likitamkwa na wenyeji, likalitamka kwa kadiri ya ulimi wake, na pale maana ilipokuwa imepotea likaitafutia maana mpya kutoka lugha yake.

York iko kaskazini mwa England, mahali mto Foss unapokutana na mto Ouse. Ni mji wa wakazi wapatao 200,000, wenye kanisa kuu la kale na kuta za mawe zinazouzunguka hadi leo. Kwa karne nyingi ulihesabiwa kuwa mji mkuu wa upande wa kaskazini, na ndio ulioupa jina mkoa mkubwa wa Yorkshire.

Mti wenye sumu

Kabla ya Warumi kufika, eneo hilo lilikuwa la Wabrigante, watu waliozungumza Kibritoni, lugha ya jamii ya Kikelti ambayo ndiyo mzazi wa Kiwelshi cha leo. Hawakuacha maandishi. Jina walilolitumia limeundwa upya na wataalamu kwa kulinganisha lugha zilizosalia, na kwa desturi yao huliandika likitanguliwa na alama ya nyota, ishara kwamba hakuna mtu aliyewahi kulikuta limeandikwa hivyo: *Eburākon.

Neno hilo lina sehemu mbili. Ya pili, -ākon, ni kiambishi tamati chenye maana ya mahali pa kitu fulani au mali ya mtu fulani. Kilikuwa kiambishi cha kawaida katika nchi za Wakelti, na nchini Ufaransa kimeacha mamia ya majina ya miji na vijiji: upande wa kusini yanaishia kwa -ac, kama Cognac, na upande wa kaskazini mara nyingi kwa -y, kama Antony iliyo karibu na Paris.

Sehemu ya kwanza, eburo-, ndiyo yenye mjadala. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba lilikuwa jina la mti wa yuu, mti wa Ulaya usiopukutisha majani, unaoishi karne nyingi, wenye mbao ngumu inayonyumbulika, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo mbao bora ya kutengenezea pinde. Karibu sehemu zote za mti huo zina sumu. Katika Kiairishi cha kale mti huo uliitwa ibar, na katika Kiairishi cha sasa ni iúr. Mji wa Newry katika Ireland Kaskazini umepata jina lake kutokana na neno hilo hilo.

Ushahidi mwingine unatoka bara. Julius Kaisari, katika kumbukumbu za vita vyake vya Galia, anataja kabila la Waeburone lililoishi katika sehemu ambazo leo ni Ubelgiji na nchi za jirani. Anasimulia kwamba Catuvolcus, mmoja wa wafalme wawili wa kabila hilo, akiwa mzee aliyechoka na hawezi tena kustahimili vita wala kukimbia, alijiua kwa sumu ya mti wa yuu. Kwa mfalme wa kabila ambalo jina lake huenda lilimaanisha watu wa mti huo, kifo cha namna hiyo kimewafanya baadhi ya wasomi kuuliza kama mti huo haukuwa na hadhi ya kidini kwao. Miji ya Évreux nchini Ufaransa na Yverdon nchini Uswisi pia imebeba mzizi huo huo katika majina yake ya kale.

Lipo pingamizi moja ambalo halipaswi kupuuzwa. Katika lugha mbili zilizo karibu zaidi na Kibritoni, yaani Kiwelshi na Kibretoni, maneno yaliyotokana na mzizi huo hayauhusu mti wa yuu bali mimea mingine kabisa. Majina ya mimea huhama kwa urahisi watu wanapohamia mazingira mapya, lakini jambo hilo linaonyesha kwamba uhakika kamili haupo.

Maelezo ya pili ni kwamba Eburos lilikuwa jina la mtu, na Eburākon ilikuwa shamba au milki yake. Kisarufi hakuna kasoro katika hoja hiyo, kwa kuwa kiambishi hicho mara nyingi kilifungamana na majina ya wamiliki. Tatizo lake ni kwamba mtu mwenyewe hajulikani, na kwamba hata kama alikuwapo, jina lake lingekuwa limetokana na mti ule ule. Kwa vyovyote vile mti unabaki pale pale. Swali ni kama uliota mahali hapo au katika jina la mtu aliyeishi hapo.

Katika karne ya 12 ilipatikana njia rahisi ya kulimaliza suala hilo. Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika historia ya wafalme wa Uingereza ambayo sehemu yake kubwa aliitunga, alidai kwamba mji huo uliasisiwa na mfalme aitwaye Ebraucus, baba wa wana 20 na mabinti 30. Mfalme huyo alizaliwa kutokana na jina la mji, si kinyume chake. Hata hivyo watu wa York walimpenda, na waliendelea kumtaja kwa muda mrefu kama mwasisi wao.

Warumi waliliacha kama walivyolikuta

Warumi hawakuwa na tabia ya kubatilisha kila jina la mahali. Walichukua la wenyeji, wakaliongezea mwisho wa Kilatini, kazi ikaisha. Eburākon ikawa Eburacum au Eboracum. Tahajia zote mbili zilitumika. Andiko la kale zaidi linalojulikana lenye jina hilo ni kibao cha mbao kilichofukuliwa katika ngome ya Vindolanda, karibu na ukuta wa Hadrian, cha miaka ya mwisho ya karne ya kwanza au ya mwanzo ya karne ya pili. Humo limeandikwa kwa u: Eburaci, yaani huko Eburacum.

Ufupisho wa Ebor nao si ubunifu wa maaskofu. Mnamo mwaka 237 mtu aitwaye Marcus Aurelius Lunaris, aliyekuwa na wadhifa wa kidini katika makoloni ya York na Lincoln, alisafiri hadi mji ambao leo ni Bordeaux, akasimamisha madhabahu ya shukrani kwa kufika salama. Juu ya jiwe hilo York imeandikwa kwa herufi nne tu, EBOR. Jiwe lenyewe ni la aina inayopatikana Yorkshire, maana yake alilibeba melini kutoka kwao.

Ni katika kipindi hicho cha Kirumi ndipo jina la Eboracum lilipoingia katika historia ya Afrika. Kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi ambayo sasa ni Libya, aliongoza dola nzima ya Kirumi akiwa York wakati wa vita vyake dhidi ya makabila ya kaskazini, na alifariki dunia mjini humo tarehe 4 Februari 211. Karibu karne moja baadaye, mwaka 306, Kaizari Constantius naye alifia hapo, na askari wakamtangaza mwanawe Constantino kuwa mrithi. Huyo ndiye Constantino aliyekuja kuupa mji mwingine, Constantinople, jina lake mwenyewe.

Watoto wa shule waliojifunza Kilatini wamewahi kuona kwamba ebur ni neno la Kilatini la pembe za ndovu, na wakaunganisha. Hakuna uhusiano, ni sadfa ya sauti. Lakini ni sadfa yenye ladha, kwa sababu mwaka 1901 lilifukuliwa mjini York kaburi la mwanamke tajiri wa karne ya 4, aliyezikwa na bangili za pembe za ndovu wa Afrika. Uchunguzi wa mifupa yake uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa huenda asili yake ilikuwa ya mchanganyiko, ikiwemo ya Afrika Kaskazini.

Nguruwe anaingia

Utawala wa Kirumi ulipokoma mwanzoni mwa karne ya 5, walianza kufika watu kutoka pwani za Ujerumani na Denmark za leo, Waangli na Wasaksoni, wakiwa na lugha iliyokuja kuwa Kiingereza. Waliusikia mji ukiitwa na Wabritoni, na walichokisikia hakikuwa tena Eboracum.

Hapa pana kiungo muhimu cha mnyororo wote. Katika Kibritoni cha wakati huo, sauti b iliyo katikati ya irabu ilikuwa imelegea na kuwa v. Mwisho wa Kilatini ulikuwa umedondoka. Jina lilisikika kitu kama Evorog. Kwa masikio ya Waangli, sehemu ya mwanzo ilifanana mno na neno lao eofor, lenye maana ya nguruwe dume wa mwituni, ambalo herufi yake f ilitamkwa v. Wajerumani bado wanamwita nguruwe dume Eber. Mwisho wa neno haukuwa na maana kwao, hivyo wakaweka neno walilolijua, wīc, yaani makazi, hasa makazi ya biashara. Mji wa miti ya yuu ukawa Eoforwic, mji wa nguruwe mwitu.

Wanaisimu huliita jambo hili etimolojia ya umma. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kulielewa. Kitabu kilitoka katika Kiarabu kikiwa na ki yake ndani ya mzizi. Sikio la Kiswahili likaisikia ki hiyo kama kiambishi cha ngeli, na papo hapo vikazaliwa vitabu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kiplefti cha barabarani, ambacho wingi wake ni viplefti, ingawa asili yake ni agizo la Kiingereza la kumtaka dereva akae upande wa kushoto. Hakuna aliyekosea. Lugha inapopokea neno geni hulipangia chumba katika nyumba yake.

Wīc lenyewe lilikuwa mkopo wa zamani kutoka Kilatini vicus, na limo katika majina ya miji mingine ya biashara ya Kiingereza, kama Ipswich na Norwich. Kwa York halikuwa pambo tu. Uchimbaji uliofanywa miaka ya 1980 katika eneo la Fishergate, nje ya ngome ya Kirumi, ulifichua mabaki ya makazi ya mafundi na wafanyabiashara wa karne ya 8. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya jina jipya ilikuwa kosa la kusikia, na nusu ya pili ilikuwa maelezo sahihi ya mahali.

Wasomi wa Kanisa hawakushiriki. Mtawa Beda, aliyemaliza historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, aliandika kwa Kilatini na kuendelea na jina la Eburacum, akisimulia jinsi Mfalme Edwin alivyobatizwa humo siku ya Pasaka ya mwaka 627. Tangu hapo mji ulikuwa na majina mawili, moja la kalamu na moja la sokoni, na lile la kalamu ndilo linalosalia katika saini ya askofu mkuu.

Wawelshi, wajukuu wa Wabritoni, hawakumwona nguruwe yeyote. Wao wanauita mji huo Efrog hadi leo, na kwa kuwa f yao hutamkwa v, wako karibu na sauti ya karne ya 5 kuliko Waingereza wenyewe. Kwao New York ni Efrog Newydd.

Farasi na hori

Tarehe 1 Novemba 866 jeshi kubwa la Wadenmark liliuteka mji. Wafalme wawili wa Northumbria waliokuwa wakigombea kiti, Osberht na Ælle, walisahau ugomvi wao wakashambulia kwa pamoja mwezi Machi uliofuata, na wote wawili wakauawa. Miaka kumi baadaye Waviking waligawana mashamba na kuanza kulima. Hao hawakuwa tena wavamizi wa msimu, walikuwa wamehamia.

Katika lugha yao, Kinorse cha kale, Eoforwic ilibanwa. Irabu mbili za mwanzo, eo, ziligeuka jo, silabi ya katikati ikamezwa, na wīc ikawa vík. Likapatikana Jórvík, jina lililoandikwa pia katika masimulizi ya kale ya Iceland. Wasemaji wa Kinorse waliolitazama neno hilo wangeweza kuliona kama farasi na hori: jór ni farasi, vík ni ghuba ndogo au hori la bahari. York iko makumi ya kilomita kutoka baharini, japokuwa meli zilipanda hadi hapo kwa mto, na hakuna aliyedai kwamba farasi walikuwa na uhusiano wowote na mahali hapo. Maana hiyo ilikuwa ya tatu, na yenye mashiko madogo kuliko zote, lakini ndiyo iliyoipa York ya leo sauti yake.

Hata Waviking walikuwa na jina la kalamu. Miongoni mwa fedha zilizopatikana mwaka 1840 katika hazina ya Cuerdale, huko Lancashire, zimo sarafu zilizofuliwa York kwa amri ya wafalme wa Kiviking karibu na mwaka 900. Zimeandikwa kwa Kilatini, na mji unatajwa kwa umbo la Ebraice. Mfalme aliyesema Jórvík nyumbani alijua kwamba sarafu yenye heshima inataka Kilatini.

Mfalme wa mwisho wa Kiviking, Eirik, alifukuzwa mwaka 954, lakini lugha haikufukuzwa pamoja naye. Mitaa mingi ya katikati ya York inaishia kwa gate, na wageni wengi hutafuta lango wasilione. Neno hilo linatokana na gata la Kinorse, lenye maana ya mtaa. Micklegate ni mtaa mkubwa. Coppergate haina shaba; ni mtaa wa mafundi wa vikombe na vyombo vya mbao, na uchimbaji uliofanyika hapo kati ya 1976 na 1981 ulitoa mabaki ya kazi yao kwa wingi, pamoja na nyumba, viatu na vitambaa vilivyohifadhiwa na udongo wenye unyevu. Malango halisi ya mji yanaitwa bar. Kwa hiyo mtu anayepita Micklegate Bar anapita katika lango la mtaa mkubwa, wala haingii katika baa.

Mkoa wenyewe uligawanywa na Waviking katika sehemu tatu, na kila moja ikaitwa theluthi. Neno hilo la Kinorse lilichakaa likawa Riding, na Yorkshire iliendelea kutawaliwa kwa theluthi zake tatu, ya Kaskazini, ya Mashariki na ya Magharibi, hadi mageuzi ya mwaka 1974.

Kutoka silabi mbili hadi moja

Baada ya Wanormandi kuiteka England mwaka 1066, makarani wao waliosema Kifaransa walijaribu kuliandika jina kama walivyolisikia. Katika daftari kuu la ardhi na kodi la mwaka 1086 limeandikwa Euruic, umbo lililo karibu zaidi na Kiingereza cha kale kuliko na Kinorse. Kwa muda fulani watu wa kusini, hasa waliosoma, waliendelea na maumbo ya aina hiyo, ilhali watu wa kaskazini walifupisha Jórvík mpaka ikabaki silabi moja.

Kuna shahidi wa mabadiliko hayo, tena mwenye hasira. Mwanzoni mwa karne ya 13, padri Layamon wa Worcestershire, aliyetunga historia ndefu ya kishairi kwa Kiingereza, alifika mahali pa kueleza jina la mji huo. Alipitia majina yake ya zamani moja baada ya jingine, kisha akalalamika kwamba si muda mrefu uliopita watu wa kaskazini, kwa mazoea mabaya, wameanza kuliita kwa umbo ambalo ndilo York. Kilichomkera padri huyo ndicho kilichoshinda.

Tahajia haikutulia mara moja. Katika hati za karne zilizofuata kuna Yerk, Yourk na maumbo mengine. Lakini mabadiliko makubwa yalikuwa yamekwisha.

Jina linapoondoka mjini

Kuanzia karne ya 14 York ilikuwa pia cheo. Wafalme wa England walikuwa wakimpa mwana wa kifalme, na baadaye kwa kawaida mtoto wa pili wa kiume, cheo cha Mtawala wa York, hata kama hakuwa na makazi mjini humo. Ukoo wa York ulipigania kiti cha ufalme katika vita vya karne ya 15, na mmoja wa wana wake, Richard III, alichagua nguruwe mweupe kuwa nembo yake. Baadhi ya wanahistoria wanaona humo mchezo wa maneno juu ya Ebor na nguruwe wa Kiingereza cha kale.

Ni cheo hicho, wala si mji, kilicholipeleka jina hilo Marekani. Mwaka 1664 Waingereza waliwanyang'anya Waholanzi mji wa New Amsterdam, wakauita New York kwa heshima ya James, Mtawala wa York, ndugu wa Mfalme Charles II. James huyo huyo aliongoza kampuni ya kifalme iliyopewa haki ya biashara ya Afrika Magharibi, ambayo ilisafirisha maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliotiwa utumwani kuvuka Atlantiki. Baadhi yao walichomwa kwa chuma cha moto alama ya herufi za cheo chake. Kwao York halikuwa jina la mti wala la mji. Mijadala ya miaka ya karibuni kuhusu majina yaliyotokana na wafanyabiashara ya utumwa imelifikia jina la New York pia, ingawa hakuna hatua rasmi iliyochukuliwa kulibadili.

Kubadilisha jina kama hilo si jambo lisilowezekana. Mji uliojengwa na Waingereza mwaka 1793 kwenye ufuo wa ziwa Ontario uliitwa York kwa heshima ya Mtawala mwingine. Mwaka 1834 wakazi wake waliamua kurudi kwenye jina la wenyeji, Toronto. Kwa mujibu wa maelezo yanayokubaliwa zaidi, neno hilo la Kimohawk linamaanisha mahali ambapo miti imesimama majini. Waliacha jina lililotokana na miti bila kujua, wakachukua jingine la miti.

Katika York yenyewe, uhusiano kati ya mji na cheo umekuwa suala la kisiasa. Tarehe 27 Aprili 2022 madiwani walipiga kura kwa kauli moja kumvua Andrew, mwana wa Malkia Elizabeth II, heshima ya uraia wa mji aliyokuwa amepewa mwaka 1987, kufuatia kashfa iliyomhusisha na mfadhili wa Kimarekani Jeffrey Epstein. Andrew amekanusha tuhuma dhidi yake. Madiwani waliokuwa wakizungumza siku hiyo walitaka pia aache kutumia jina la mji wao, lakini halmashauri haina mamlaka juu ya cheo cha kifalme. Mbunge wa eneo la York ya kati, Rachael Maskell, alipeleka bungeni mswada wa kuwezesha vyeo vya aina hiyo kuondolewa, ambao haukufika kuwa sheria. Oktoba 2025 Andrew alitangaza kwamba hatakitumia tena cheo cha Mtawala wa York, na kabla ya mwezi huo kwisha Mfalme Charles III alianza taratibu za kumwondolea vyeo vyake. Kulifuta kabisa jina la York kutoka katika cheo alichopewa mwaka 1986, hata hivyo, kunahitaji sheria ya Bunge.